Siafu Wamehamia kwa Mama Furaha

Ijumaa jioni. Mvua ilinyesha mchana ikakatika, na mabati bado yanadondosha matone kwenye pipa letu. Nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni. Miguu yangu ina matope, kucha zangu ni nyeusi, na nina furaha. Naliandika neno hilo mapema, kabla sijaona haya nikalifuta.

Nina furaha.

Tangu nimalize shule sina mengi ya kuandika hapa. Kila mgeni anayefika kwetu ananiuliza, "Sasa weye unafanya nini?" nami natazama viatu vyangu mpaka Mama ajibu kwa niaba yangu kwamba napumzika. Lakini siku hizi nilikuwa na jibu, ingawa sikuwahi kulisema kwa sauti. Nilikuwa naitetea parseli yetu, kiwanja tunachoishi, isipuliziwe sumu.

Tunaishi Mabanga, hapa Goma, na parseli yetu imebanwa na za wengine kila upande. Chini ni jiwe la volkano, lile jeusi lenye matundu kama mkate. Udongo wote tulio nao uliletwa kwa magunia, kidogo kidogo, na Mama amepanda mboga za lengalenga na vitunguu juu yake. Ukipiga jembe linagonga jiwe na kukurudisha nyuma. Magugu, yale tunayoita majani tu, hayana shida hiyo. Yanaota katika kila ufa, hasa kishona nguo, lile lenye mbegu nyeusi kama sindano ambazo hushika nguo ya yeyote anayepita.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, kwenye nguo.

Dada yangu Masika anaolewa. Mwezi uliopita watu wa upande wa mchumba wake walikuja kusalimu kwa mara ya kwanza. Msemaji wao ni muzee mmoja mrefu mwenye suti ya kahawia, mpole, wa kuchagua maneno. Alipoketi akakuta suruali yake imejaa sindano nyeusi mpaka magotini. Akaanza kuzitoa mojamoja na kuzipanga juu ya meza ndogo, kando ya Fanta yake, huku mazungumzo yakiendelea. Alipochoka akamgeukia Papa.

"Sisi tulikuja kuchukua binti," akasema, "kumbe majani yenu yanatuchukua sisi kwanza."

Watu wote walicheka. Papa naye alicheka, lakini mimi namjua. Kile kilikuwa kicheko cha meno tu.

Kesho yake alirudi kutoka maduka ya Birere na chupa ya dawa ya kuua majani, na pakiti ya unga wa kuua wadudu. Akaviweka juu ya kabati. Alisema ataazima pompi ya kupulizia kwa mwenzake, na kwamba wageni wakirudi na mahari watakuta parseli safi kama kanisa.

Papa ni mfanyabiashara wa maharagwe, na maisha yake mengi yako barabarani. Kwa hiyo hajui nani anakula nini katika parseli hii. Mimi najua. Hicho kishona nguo kinachotuaibisha ndicho chakula cha kobayi wetu, wale wanyama wadogo kama panya wanene wasio na mkia. Asubuhi wakisikia nyayo zangu wanapiga mluzi wote pamoja, na nikiwatupia majani wanayavuta kama watoto wanaogombania kamba. Halafu kuna mbwa wetu, Direkteri. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi husimama getini kuwakagua wanaoingia, kama mkuu wa shule anayetafuta wachelewaji. Direkteri hulamba kila kitu. Hulamba mawe, ndoo, hata miguu ya wageni. Akitamani hula majani pia, kisha anakwenda kulala jikoni karibu na makala, mkaa wetu wa kupikia.

Nilitazama ile chupa juu ya kabati, kisha nikawatazama wao.

Ilibidi nizungumze na Papa. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Mimi nilifika mlangoni mwa saluni, chumba chetu cha wageni, nikarudi, nikafika tena nikajifanya natafuta kikombe. Mwishowe nilimpelekea chai na kusema yote kwa pumzi moja, macho yangu yakiwa kwenye sukari. Nilisema wanyama watakufa. Nilisema naomba nisafishe parseli mimi mwenyewe, bila dawa.

Papa alikoroga chai yake polepole sana.

"Na utayaondoa na nini, Katungu? Na sala?"

"Na maji ya moto, Papa."

Sikumtazama, lakini nilisikia kwamba anatabasamu. Akataja siku ya wageni kurudi, ambayo sasa ni Jumamosi ya wiki ijayo, na kwamba dawa inahitaji wiki nzima kukausha majani. Basi mwisho wangu ukawa Ijumaa ya leo. Nikishindwa, pompi inakuja na wanyama nitajua mwenyewe pa kuwapeleka.

Sina pa kuwapeleka, na yeye anajua hivyo.

Nikaanza. Niligundua kwamba baada ya mvua majani hukubali kung'oka pamoja na mizizi, lakini jua likishawaka unabaki na shina mkononi. Kwa hiyo nilijifunza kutoka mvua ikikatika tu, kabla hata matone hayajaisha. Yale yaliyokuwa bado hayajatoa sindano nilipeleka moja kwa moja kwa kobayi. Yale yenye sindano niliyakausha juu ya bati na kuyachoma chini ya sufuria, ili nisije nikazipanda upya kwa mikono yangu.

Kwenye nyufa, mahali ambapo vidole haviingii, nilimwaga maji ya moto. Sikutaka Mama alalamike kwamba namaliza makala, kwa hiyo niliomba maji yaliyochemsha viazi na mahindi yasimwagwe ovyo tena, yapite kwangu kwanza yakiwa bado yanatokota. Nilikuwa namfungia Direkteri ndani, nashika birika kwa kitambaa, namimina polepole mbali na lengalenga. Kesho yake jani linalala kama mtu mwenye malaria. Siku chache baadaye linajaribu kuamka. Unalimwagia tena. Ni kazi ya kubishana, na mimi ambaye sijawahi kushinda ubishi na mtu nilifurahi kupata wa kubishana naye.

Rafiki wa Mama alipita akanishauri nimwage chumvi. Nilikataa, kwa kichwa tu, maana alikuwa mgeni. Chumvi ingefuata mvua mpaka kwenye lengalenga, na udongo wetu wa magunia ni mdogo mno kuuharibu. Njia ya kutoka getini mpaka mlangoni niliifunika kwa makartoni yaliyoloweshwa, niliyoomba madukani, kisha nikamwaga juu yake changarawe nyeusi. Majivu ya jikoni nilizungushia miche ya Mama kuwazuia konokono.

Mpaka Jumapili nilikuwa nashinda.

Jumatatu asubuhi nilitoka na majani ya kobayi, na hakuna aliyepiga mluzi. Walikuwa wamejibana kwenye kona moja ya kibanda chao, wamenyamaza kabisa. Kwenye ufa ulio kando ya ukuta mstari mwekundu ulikuwa unatoka, mnene kama kamba, unasogea.

Siafu.

Siafu wakimkuta mnyama aliyefungiwa hawamwachi. Nilibeba kobayi wote ndani ya beseni la kufulia. Kibanda chao kina miguu minne ya mbao, nikauweka kila mguu ndani ya mkebe wa nyanya wenye maji na tone la sabuni. Siafu hawaogelei. Nikazungusha majivu pande zote. Mstari ulifika kwenye majivu, ukasita, ukageuka. Nikawarudisha kobayi, na baada ya muda nikasikia mluzi mdogo, kisha mwingine.

Ningeishia hapo.

Lakini niliogopa. Papa alikuwa anatarajiwa Jumatano kutoka safari, na nilimwona akilini mwangu akiwakuta siafu na kunyoosha mkono juu ya kabati. Nilitaka awakute wameisha kabisa. Nikachemsha sufuria kubwa ya maji na pilipili ndogo, zile nyekundu zinazofanya nyumba nzima ikohoe, na yote nikayamimina ndani ya ufa. Mvuke ulipanda. Nilikohoa mpaka nikatoa machozi. Direkteri alipiga chafya kupitia chini ya mlango. Mstari ukakatika, wachache waliobaki wakapotea, na mimi nikasimama pale na sufuria tupu kama mtu aliyeshinda vita.

Mtu aliyezaliwa Goma hapaswi kusahau kwamba jiwe letu lina njia ndani. Ukimwaga maji kwako yanaweza kutokea kwa jirani. Tunalisema hilo kila mvua ikinyesha. Mimi nilidhani siafu hawalijui.

Mlio ulitoka upande wa pili wa ukuta.

Jirani yetu wa upande huo ni Mama Furaha. Ametoka vilima vya Masisi, anauza maziwa na jibini, na sauti yake ilizoea kuita ng'ombe kutoka kilima kingine. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikimsalimu nikiwa tayari nimeshapita. Sasa kichwa chake kilikuwa juu ya ukuta, kitambaa kimekaa upande.

"Weye mutoto! Ni weye njo unanitumia bale siafu? Banatoka mu mawe kama watu banatoka misa!"

Nilisema pole. Nadhani nilisema. Hakusikia.

"Mama yako iko wapi?"

Nilionyesha upande wa soko.

"Basi mimi nasikia Papa yako ana dawa ya unga. Ulete sasa hivi, niimwage mu matundu yote, bafe bote!"

Kuta zetu hazifichi chochote, kwa hiyo sikushangaa kwamba anajua kilicho juu ya kabati letu. Kilichonitisha ni kingine. Unga ule ukiingia kwenye matundu yake ungepita njia ileile waliyopita siafu. Ungerudi kwetu, mpaka kwenye ufa ulio chini ya kibanda, kwenye maji anayolamba Direkteri. Nilikuwa nimeizuia sumu isiingie kwa geti, na sasa nilikuwa nimeifungulia njia chini ya ukuta.

Nilikwenda kwake. Miguu ilikwenda, mimi nikaifuata. Nilimkuta uani ameshika mwiko, siafu wakipita mbele ya mlango wa jiko lake, na kuku wake watatu wamerukia juu ya bidoni za maji.

Nikamwambia kuhusu nyanya yangu wa Lubero. Siafu walipoingia nyumbani kwake, nyanya hakuwapiga vita. Alitoa watoto, alitoa kuku, alitoa chakula, akafungua milango yote na kukaa nje chini ya kivuli mpaka wamalize. Siafu hawahamii kwa mtu. Wanapita, wanakula walichokuta, wanakwenda.

"Sema kwa nguvu," akasema Mama Furaha. "Siafu banakusikia kuliko mimi."

Nikarudia. Safari hii nilisikia sauti yangu inagonga ukuta na kurudi. Niliongeza kwamba kuku wake wangedonoa siafu waliokufa na unga na kufa nao. Na kwamba kosa ni langu, kwa hiyo kuku wake na yeye mwenyewe wakae kwetu mpaka yaishe.

Akaushusha mwiko.

"Na bakikula bugali yangu?"

"Tutahama na bugali pia, mama."

Hapo akacheka. Sikuwa nimekusudia kumchekesha, lakini alicheka mpaka akashikilia mlango, kisha akautoa mkono haraka kwa sababu siafu mmoja alikuwa ameshaupanda.

Basi tukahama. Yeye akabeba sufuria ya bugali kichwani, mimi nikabeba kuku ndani ya kikapu. Tulizungusha majivu kwenye kitanda chake na gunia la unga wa mahindi, tukaacha milango wazi. Direkteri alimkagua getini, akamlamba mguu, akamruhusu.

Mama Furaha hawezi kukaa bila kazi. Alipoona nang'oa kishona nguo kando ya choo akainama upande wa pili, na tukaenda tukisogeleana. Alinisimulia ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja, kwa majina na tabia. Mimi nilimsimulia kobayi. Mama yangu alirudi sokoni akakuta kuku watatu wa watu kwenye kikapu chake, jirani amepiga magoti uani kwake, na binti yake anazungumza. Aliweka mzigo chini, akasema, "Katungu, uko mugonjwa?"

Kufikia alasiri upande mzima wa choo, ambao mimi peke yangu nisingeumaliza wiki hii, ulikuwa safi.

Tulirudi kwa Mama Furaha kuangalia. Siafu walikuwa wamekwisha kupita, mkia wa mwisho wa mstari ukiteremkia mfereji wa barabarani. Aliingia kwa tahadhari. Akasogeza kabati. Akainua gunia. Akafungua sanduku la vyombo na kupiga ukuta kwa mwiko, akingoja mende watoke. Hakuna aliyetoka.

"Eee, Katungu," akasema polepole. "Bamekula hata bale nilikuwa nimezoea."

Tangu siku ile anamsimulia hilo kila mtu anayenunua jibini kwake. Jana mwanamke nisiyemjua alisimama getini kuuliza kama hapa ndipo kwa ule mutoto anatumaka siafu kufagia nyumba. Nilijificha nyuma ya pipa. Lakini nikiwa nyuma ya pipa nilikuwa natabasamu, nakiri.

Papa alifika Jumatano kama alivyosema. Kama kawaida ya mtaa wetu, habari ilimpokea kabla hajafika getini. Alitazama mikebe ya nyanya chini ya kibanda, akatazama juu ya kabati, akaenda kuoga.

Leo mvua ilipokatika akaniita. Alikuwa amevaa suruali yake ya kanisani, ile nyeusi atakayoivaa siku ya wageni. Sikuelewa. Akatoka nje, akaenda mpaka getini, akageuka, na akaanza kutembea. Alipita njia ya changarawe. Akapita kando ya ukuta, makusudi kabisa, mguu ukisugua mawe. Akazunguka choo. Akapita kati ya lengalenga na vitunguu kama msemaji wa wakwe aliyepotea njia. Masika na Mama walikuwa mlangoni, na kichwa cha Mama Furaha kilikuwa juu ya ukuta bila aibu yoyote. Direkteri alimfuata Papa hatua kwa hatua.

Papa alirudi, akaketi kwenye kiti, akanyoosha miguu na kuinama. Akapekua suruali yote mpaka kwenye pindo. Kwenye soksi akapata sindano moja nyeusi. Akaiinua.

Nilianza kukumbuka kila ufa niliopita.

"Ile ni ya Direkteri!" Mama Furaha akapaza sauti. "Muangalie mukia yake!"

Ilikuwa kweli. Mkia wa Direkteri ulikuwa umejaa, maana yeye hushinda barabarani. Papa akacheka, na safari hii hakikuwa kicheko cha meno tu.

Kisha akasimama akazunguka nyuma ya jikoni. Huko nimeacha kipande kidogo cha kishona nguo, upana wa mkeka, nimekizungushia mawe. Nakikata kila siku kabla hakijatoa sindano.

"Na hii? Hii utaing'oa lini?"

"Hapana, Papa," nikasema. "Hiki ni chakula chao."

Sijui ilitoka wapi. Sijawahi kumwambia Papa hapana. Mama alishika mdomo. Papa alinitazama, akayatazama yale majani, akaingia ndani. Alitoka ameshika mfuko wenye chupa na ile pakiti ya unga, akasimamisha motari, pikipiki ya abiria, na kuondoka.

Nilikaa hapa kwenye kizingiti. Niliwaza kwamba amekwenda kuchukua pompi. Niliwaza nimeharibu yote kwa neno moja, na kobayi walikuwa wanapiga mluzi wakitaka chakula, na sikuweza kuinuka.

Papa alirudi si muda mrefu uliopita. Hakuwa na pompi. Alikuwa ameshika arozwari, ile ndoo ya kumwagilia yenye mdomo wa matundu madogo, mpya, ya kijani. Alisema muuzaji alibisha kwanza, lakini chupa ilikuwa haijafunguliwa, kwa hiyo wakabadilishana. Akaiweka miguuni pangu.

"Hii unaweza kutumia hata na maji ya baridi," akasema, akaenda kubadili suruali.

Iko hapa kando yangu ninapoandika. Direkteri ameshailamba pande zote, na nimemwacha ailambe.

Wageni watakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Siku kama hizo mimi hukaa jikoni nikiosha sahani mpaka wote waondoke. Lakini yule muzee wa suti ya kahawia ataketi, najua, na kabla hajagusa Fanta yake atainama kuangalia suruali. Nataka niwe nimesimama karibu.

Na akiuliza ni nani aliyefanya kazi hii, sitatazama viatu vyangu.